Annexe hadi mjini: magari ni machache, au mpango ndio haupo? (Lubumbashi)

#1 · Geometri_Lushi

Wandugu, kila mvua ikianza kelele ni ileile: watu wa Annexe (komini, yaani manispaa, inayozunguka Lubumbashi) wako barabarani tangu alfajiri, na dawa ni "serikali ilete mabasi". Mabasi mangapi? Ya ukubwa gani? Yatageukia wapi? Tuchukue laini moja tuipigie hesabu mpaka mwisho.

Kwanza umbo la jiji, maana ndilo linalotula pesa. Lubumbashi ilianza 1910, reli ilipofika kutoka kusini. Mji wa Wazungu ukawekwa upande wake, site (mitaa) za Waafrika upande wake, na katikati ukanda mtupu ulioachwa kwa makusudi. Kamalondo na Kenya zilikuja mapema. Katuba na Ruashi ziliongezwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mbali zaidi. Annexe ikazunguka zote: Kalebuka, Kasungami, Kisanga, Kimbembe, Luwowoshi, Munua, Naviundu, Kasapa. Ofisi, benki na maduka makubwa hayakuhama. Kwa hiyo asubuhi wote wanaingia, jioni wote wanatoka, na gari lililojaa likienda linarudi na viti vitupu.

Laini ya mfano: kilomita 14 kutoka kwartie (mtaa) ya pembeni hadi katikati ya mji. Jina silitaji, tusije tukagombania kwartie ya nani.

Asubuhi kuingia, pamoja na kusimama: dakika 60. Kurudi: 50. Kugeuza na kupumua, dakika 10 kila mwisho. Mzunguko mzima ni dakika 130. Idadi ya magari ni mzunguko ukigawanywa kwa mwachano (dakika kati ya gari na gari). Ukitaka gari kila dakika 10, unahitaji 13.

Lakini gari 6 kwa saa zenye viti 18 ni watu 108 tu. Kwartie ikitoa watu 600 kwa saa ile nzito, hesabu inakuwa hivi:

Hiace ya viti 18: safari 34 kwa saa, magari 74.
Coaster ya viti 28: safari 22, magari 48.
Basi la mita 12 linalobeba 75 pamoja na waliosimama: safari 8, magari 18.

Ongeza asilimia 10 hadi 15 ya akiba kwa yale yaliyo kwa fundi. Na hiyo ni kiangazi. Mvua ikifanya kwenda kuwe 75 na kurudi 60, mzunguko unafika 155, na zile Hiace 74 zinatoa safari 28 badala ya 34. Hakuna gari lililoondolewa, lakini watu 100 hivi wamebaki chini kila saa. Anayesema "magari yamepungua" mwezi wa kwanza anaona kweli, ila sababu ni tope.

#2 · Mlango_Kushoto

Yaya Geometri, hesabu yako ni nzuri ila umesahau mtu mmoja: shofa (dereva). Hakuna anayeondoka kwa mwachano. Anaondoka gari likijaa, na si kwa ubaya.

Mwenye gari anataka verisema yake ya siku, kiasi kilekile, mvua au jua. Mafuta ni ya shofa. Kinachobaki ndicho chakula chake na cha reseveri (kondakta). Chukua bei za mfano: Hiace ya petroli inakula kama lita 12 kwa kilomita 100 mjini. Kwenda na kurudi kilomita 28 ni lita 3.4 hivi. Lita ikiwa franga 3,000, ni karibu 10,000. Nauli ikiwa 1,000, abiria kumi wa kwanza ni wa tanki. Akiingia na 18 akarudi na 3, amekusanya 21,000, amebaki na 11,000 kabla ya verisema, kabla ya parkingi, kabla ya rulaji (polisi wa barabarani).

Sasa aikate njia. Abaki kwenye kilomita 7 za upande wa mjini, azikimbie mara nne (ni kilomita 28 zilezile), kila mara watu 15 kwa 700. Hiyo ni 42,000, mara mbili ya ile ya kwanza. Ndiyo maana wa mbali wanashushwa njiani na kulipa mara mbili. Mkimkamata mmoja kwa kukata njia, kesho atakata mwingine, maana hesabu haijabadilika.

#3 · MamaWaSoko

Na hiyo "kujaza kwanza" inaumiza zaidi wale wasiokaa kwenye terminisi. Saa nne asubuhi, terminisi ikipata mtu mmoja kila dakika mbili, Hiace inajaa baada ya dakika 36. Wa kwanza kuketi anakaa zile 36, wa wastani kama 18. Magari mawili yakigombania foleni moja, kila moja linachukua muda mara mbili. Kisha linaondoka limejaa, na mama aliye kituo cha tatu na beseni lake la mboga anapitwa. Kwake yeye laini hiyo haipo.

Gari lingeondoka kila dakika 15, lingetoka na watu 7 au 8, likaokota wengine njiani. Wa terminisi angengoja dakika 7 na nusu kwa wastani. Kiti kinajaa vilevile, ila kinajazwa na mtu wa njiani.

Jambo la pili, mizigo. Wapangaji wanahesabu vichwa. Mabeseni mawili na gunia la makala (mkaa) vinachukua nafasi ya watu wawili au watatu. Ukichora laini inayopita soko la Kenya bila kutenga saa au gari la mizigo, ile 75 yako ya basi kubwa iandike 60.

#4 · Njanja1067

Kabla ya mabasi: reli tunayo tayari. Mstari wa SNCC (shirika la reli la Kongo) unapita jijini, na kuna mchepuko wa Munama hadi Kipushi, kilomita 30 na kitu. Kwa nini tusiweke treni ya asubuhi?

#5 · Geometri_Lushi

Papa Njanja, tuipime. Reli ni ya njia moja, upana milimita 1,067. Kwenye njia moja, kinachoamua ni umbali kati ya sehemu mbili za kupishana. Zikiwa kilomita 10 na treni ikienda 40 kwa saa, ni dakika 15 kwenda, 15 kurudi, na dakika mbili tatu za ishara na swichi. Unapata treni moja kila nusu saa kwa upande mmoja, kabla hujampa nafasi treni ya madini, na ya madini ndiyo inayolipa. Halafu reli ilifuata migodi. Haikufuata Kalebuka. Mtu atatembea kilomita mbili au tatu kufika steshini, kisha alipe moto (pikipiki ya abiria) tena.

Treni mbili za asubuhi na mbili za jioni upande wa Kipushi ni wazo la kujadiliwa, reli ikishatengenezwa. Ila hiyo ni njia ya mji na mji. Kwartie za Annexe haitazifikia.

#6 · Mlango_Kushoto

Jina langu humu limetoka kwenye tatizo ambalo hakuna mchoro unaolitaja. Kongo tunaendesha kulia. Hiace nyingi tulizonazo zilitengenezwa kwa nchi za kuendesha kushoto: usukani kulia, mlango wa kuteleza upande wa kushoto. Gari likisimama ukingoni mwa barabara, mlango unafunguka katikati ya barabara, mbele ya kamio (lori) la RN1, barabara kuu ya taifa. Kuhamisha usukani mafundi wanafanya kila siku. Mlango unabaki palepale, maana kukata ubavu wa gari ni kuvunja mifupa yake.

Kwa hiyo ukijenga vituo vyenye kibaraza upande wa kulia, umejengea mabasi ambayo hatuna. Kwenye terminisi dawa ipo. Gari linazunguka kinyume cha saa, kama kwenye ronpuan (mzunguko wa makutano). Ukizunguka hivyo, ubavu wa kushoto unatazama ndani. Basi weka kisiwa katikati, upana mita 4 angalau, urefu wa magari matatu (mita 18 kwa Hiace), na wa mlango wa kushoto wapakie hapo. Basi lenye mlango wa kulia linapakia kwenye kibaraza cha nje. Kitanzi kimoja kinafaa wote. Watu wavuke kwenda kisiwani sehemu moja tu, mbele ya gari la kwanza kwenye foleni, maana hilo limesimama na shofa anawaona. Wakivuka nyuma, wanakutana na linalorudi kinyumenyume.

Njiani barabarani hakuna dawa safi. Kilicho bora ni kuingiza gari kwenye kitanzi kidogo cha pembeni au barabara ya ndani kila panapowezekana, na kupunguza vituo vya kwenye RN1 yenyewe.

#7 · Geometri_Lushi

Hilo la kisiwa nalichukua. Vipimo vya kuongezea: basi la mita 12 likigeuka linahitaji nusu kipenyo cha nje cha mita 12.5, kwa hiyo duara la mita 25 bila ukuta wala mti, weka 28 kwa usalama. Coaster inageuka ndani ya 15 hivi. Ndiyo sababu mwisho wa laini unaamua ukubwa wa gari kabla ya idadi ya abiria. Kwartie ambayo parseli zimeuzwa mpaka ukingoni mwa barabara haina mita 28 popote, na basi kubwa litalazimika kurudi kinyumenyume kati ya watoto wa shule.

Mtu yeyote aliye kwenye komini, kitu cha kwanza cha kufanya leo, hata bila basi hata moja, ni kuzuia kiwanja kimoja cha mita 40 kwa 40 mwisho wa kila laini kabla hakijauzwa. Kwa bei ya sasa ni kidogo. Baada ya miaka mitano ni kesi ya korti.

#8 · Tarmaka_Kwisha

Nije kwenye tope, maana wengi wanadhani mpaka gudroni (lami) ifike. Hapana. Barabara ya laterite (udongo mwekundu wa changarawe) nzuri inabeba Coaster mwaka mzima kama maji yanaondoka.

Mgongo: katikati juu, mteremko asilimia 4 kila upande. Kwa njia ya upana wa mita 6 ni sentimita 12 kutoka katikati hadi ukingo. Ukiona barabara ya kwartie imekaa sawa kama meza, au imezama katikati, hiyo ni mfereji. Mitaro: kina sentimita 50 angalau kutoka ukingo wa barabara, na iwe na pa kumwaga, mtaro usio na mwisho ni bwawa la mbu. Kalivati: bomba la sentimita 80 au 100, kamwe si 40, kwa sababu 40 linazibwa na mifuko na majani mvua ya kwanza, na hakuna mtu anayeingia kulisafisha. Juu ya bomba udongo wa kushindilia sentimita 50 kabla gari halijapita, la sivyo linavunjika.

Laterite yenyewe: tabaka la sentimita 15 baada ya kushindiliwa, imwagiliwe kwanza. Yenye udongo mwingi wa mfinyanzi inateleza mvua na kuwa vumbi kiangazi. Udongo wa kichuguu ni mzuri kwa matofali ya kuchoma, si kwa uso wa barabara, ijapokuwa kila mwaka kuna mtu anaumwaga kwenye mashimo kwa sababu uko karibu. Unakauka, unang'aa, mvua inakuja, magari yanalala ubavu.

Kazi ifanyike kati ya mwezi wa 5 na wa 9. Greda ipite tena mwezi wa 10, mashimo yafungwe kabla mvua haijashika. Mwezi wa 1 ni wa kufungua mitaro tu. Ukipitisha greda kwenye tope unaikata barabara.

Basi la mita 12 kwenye laterite, sipendi. Ekseli ya nyuma ikifika tani 10 na ya Coaster iko 4, kwa ile kanuni ya nguvu ya nne (uwiano wa uzito wa ekseli uzidishwe wenyewe kwa wenyewe, 2.5 × 2.5 × 2.5 × 2.5), kupita mara moja kwa kubwa ni sawa na kupita mara 39 kwa dogo.

#9 · Yaya_Kisanga

Basi tukubaliane: basi kubwa liishie gudroni inapoishia, na Coaster ziingie ndani?

#10 · Geometri_Lushi

Ndiyo, lakini kwa sharti moja, yaya: kubadilisha gari kusilipiwe mara mbili. Kila kubadilisha, abiria anakuona umemtupa. Akilipa moto kilomita mbili za mwisho kwa bei inayokaribia basi zima, atachukua moto moja kwa moja mpaka mjini, au atabaki nyumbani. Tiketi moja ya karatasi yenye rangi ya siku, inayofaa kwenye Coaster na basi kubwa, inatosha kuanza. Hatuhitaji kadi wala mashine.

Na nauli iwe 500, 1,000 au 1,500. Ukiweka 700 au 1,200, dakika nzima inaenda kutafuta chenji, na noti za 100 zilizochanika zinakataliwa. Abiria akilipa mlangoni ni sekunde 4 hivi kwa mtu. Akiwa na tiketi ni 2. Watu 60 wakiingia kwenye laini nzima, umeokoa dakika mbili kila safari bila kujenga chochote.

#11 · Mlango_Kushoto

Narudi kwenye pesa. Nani analipa kiti kitupu cha kurudi? Mpaka sasa hakuna aliyejibu.

#12 · Kandarasi

Najibu mimi. Njia iliyotumika kwingine ni kumlipa mwenye gari kwa kilomita aliyoiendesha kwa ratiba, na nauli yote kuingia mfuko mmoja. Kiti kitupu kinakuwa cha mfuko, si cha shofa. Papo hapo sababu ya kukata njia na ya kujaza kwanza inakufa.

Lakini ina ugonjwa wake wa kinyume: shofa wa kilomita hana haja na abiria. Atapita kituo na gari tupu ili asichelewe. Kwa hiyo acha sehemu ndogo ya malipo ifuate abiria, tuseme robo, na robo tatu zifuate kilomita. Kilomita zihesabiwe kwa kifaa cha GPS. Safari iliyokatwa isilipwe kabisa, hata nusu. Ukilipa nusu umefufua ugonjwa wa kwanza.

Mfuko utapungukiwa. Ukweli ni huo, hakuna jiji lenye pembe za mbali ambapo nauli peke yake inalipa kila kitu. Ile laini ya Geometri, kilomita ya 8 hadi ya 14 itakula hasara kila siku, na ile ya 0 hadi 8 italeta faida. Ukimpa mtu mmoja laini nzima, faida inafunika sehemu ya hasara. Ukiruhusu wengine waokote abiria wa kilomita 8 za kwanza bila masharti, wanachukua nyama na kukuachia mifupa. Hapo ndipo mkataba unapofia, na ndipo ugomvi na chama cha mashofa utakapokuwa. Wenye Hiace za sasa wapewe hisa au laini za ndani kabla ya siku ya kwanza, sio baada.

Mamlaka nayo yaandikwe. Tangu sheria namba 08/016 ya 7/10/2008, jiji na komini ni vyombo vyenye hadhi yake ya kisheria, kila kimoja kinatafuta mapato. Laini ikivuka mpaka na kuingia teritware (wilaya) ya Kipushi, umeongeza mlango mwingine. Mkataba useme wazi nani anatoza nini na wapi, la sivyo gari linalipia kila kizuizi.

Mfano wa karibu ni Dar es Salaam. Mwendokasi, mabasi yenye barabara yake, ilianza 2016, kilomita 21 hivi, Kimara hadi Kivukoni, na matawi. Barabara yake maalumu inafanya kazi. Ila karakana iliwekwa bonde la Jangwani, na mafuriko yakaifuata huko. Sisi tuna bonde la Naviundu na la mto Lubumbashi wenyewe, na kiwanja cha bei rahisi kinachotolewa kwa karakana karibu kila mara ni cha bondeni. Kikataeni.

#13 · MamaWaSoko

Mnaongea kana kwamba wote tunaenda posta, katikati ya mji. Anayetoka Ruashi kununua soko la Kenya leo anapita katikati ya mji, anashuka, anapanda tena, analipa mbili. Mlango wa mji umejaa watu wasio na haja na mji.

#14 · Geometri_Lushi

Kweli, mama, na hizo ndizo safari ambazo hesabu ya kawaida haizioni, kwa sababu ukihesabu watu kwenye lango la mji, wa Ruashi–Kenya anaonekana kama mfanyakazi wa ofisi. Kwa hiyo kuhesabu magari hakutoshi, inabidi kuuliza.

Namna ya kufanya, kwa wanafunzi au watu wa komini: chagua pointi moja kila laini. Watu wawili kila pointi, mmoja anaangalia, mmoja anaandika, wabadilishane kila saa moja. Jumanne hadi alhamisi, shule zikiwa wazi, nje ya siku za mshahara. 5h30 hadi 9h00, na 15h30 hadi 19h30. Andika kwa vipande vya dakika 15: aina ya gari, na limejaa kiasi gani kwa ngazi nne (tupu, nusu, viti vyote, wamesimama). Usihesabu vichwa ndani ya gari linalopita, utakosea. Ngazi nne zinatosha. Wa tatu akae kituoni na maswali matatu tu: umetoka kwartie gani, unaishia wapi, umelipa mara ngapi. Swali la nne linaleta foleni na majibu ya kutunga.

Rudia zoezi lote mwezi wa 1, pointi zilezile. Ratiba ni mbili kwa mwaka, ya kiangazi na ya mvua. Atakayetumia ya kiangazi mwaka mzima, abiria wataacha kuiamini kabla ya Noeli.

#15 · Yaya_Kisanga

Swali dogo: kituo na kituo, mita ngapi? Huku kwetu watu wanataka gari lisimame kila mlango.

#16 · Tarmaka_Kwisha

Ndani ya site yenye watu wengi, 400 hadi 500. Pembeni, 700. Mtu mzima anatembea mita 80 kwa dakika, mwenye beseni kichwani 60. Kila kusimama kunakula sekunde 20 za breki na kuondoka, mbali na kupakia. Kwenye kilomita 14, vituo 60 badala ya 28 ni sekunde 640, karibu dakika 11 kila upande. Kwa hesabu ya #1 mzunguko unafika 152, na zile Coaster 48 inabidi ziwe 56. Nguzo ipakwe rangi nyeupe na iwekwe mita 10 baada ya makutano, si kabla, ili gari lililosimama lisizibe wanaokata kona.

#17 · Mlango_Kushoto

Na ule upande ambao mlango unafungukia barabarani, nguzo iingie barabara ya ndani mita 15. Shofa atanung'unika wiki ya kwanza.

#18 · Geometri_Lushi

Nimechukua. Karatasi ya kuhesabia naichora kwa safu hizo: saa, aina, ngazi, upande. Atakayepata kiwanja cha mita 40 kwa 40 upande wa Kisanga au Kasungami ambacho hakijauzwa, aandike hapa umbali wake kutoka gudroni.